Kijana wetu wa miaka 19 alidhalilishwa nusu fainali. Jumamosi tumwimbie jina lake au tumwache apumue?

Mpiga Ngoma:

Wakuu, salaam. Nimekuja hapa kwa sababu kwenye kundi letu la mashabiki hatuelewani tena, na siku zinakwenda.

Mimi ndiye mpiga ngoma wa jukwaa letu, huu mwaka wa sita. Jina la timu silitaji. Jumamosi tulicheza nusu fainali ya mpira wa kikapu tukafungwa 96 kwa 51. Pointi gadi wetu mkongwe, yaani yule anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi, aliumia goti mwezi mmoja kabla, kwa hiyo mpira akakabidhiwa kijana wa miaka 19 ambaye mpaka siku ile alikuwa ameanza mechi saba tu. Wenzetu walikuja wamemsoma. Tangu dakika ya kwanza walimkaba uwanja mzima, kila akigeuka anakuta watu wawili. Nilihesabu mwenyewe: alipoteza mpira mara tisa kabla robo ya tatu haijaisha. Ilipofika mara ya sita mashabiki wa upande wa pili wakaanza kumhesabia kwa sauti. "Saaaba! Naaane!"

Kwenye hiyo hiyo robo ya tatu akapewa mitupo huru miwili. Wa kwanza haukugusa ringi, haukugusa ubao. Ukumbi mzima ukacheka, na ninaposema mzima nawahesabu na wa kwetu. Niliwasikia, walikuwa nyuma yangu. Dakika mbili baadaye alipigwa chenga akakaa chini, mtu akarekodi, na mpaka sasa kipande hicho cha sekunde nane kinazunguka kila simu. Wa kwanza kukileta kwenye kundi letu alikuwa mwanachama wetu.

Kuna jambo sijalisema kule kundini. Mimi niliondoka zikiwa zimebaki dakika tatu. Nilibeba ngoma yangu nikatokea mlango wa pembeni. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba honi ya mwisho ilipolia kijana alikaa benchi na taulo kichwani, kisha akainuka akaenda kumpa mkono kila mchezaji wa upande wa pili, mmoja mmoja, hadi wale ambao hawakuingia uwanjani. Halafu akaja mbele ya jukwaa letu kutushukuru, maana timu yetu hufanya hivyo kila mechi. Tulibaki watu kama kumi na wanne. Mimi sikuwemo.

Sasa tunacheza kutafuta mshindi wa tatu. Mechi ya kwanza Jumamosi hii, ya pili Jumatano, zote ukumbini kwetu. Kundini kuna wanaotaka bango kubwa lenye sura yake. Wengine wanataka tuimbe jina lake tangu wakati wa kupasha misuli mpaka honi ya mwisho. Kuna dada anakusanya ujumbe wa sauti kutoka kwa watu mia mbili amtumie. Na wapo wanaosema tusifanye lolote, mchezaji ni mtu mzima.

Naomba kusikia hasa kutoka kwa waliowahi kucheza. Mtu akishapigwa hivyo mbele za watu, anatamani jukwaa limfanyie nini?

---

Jezi Kumi na Moja:

Pole kaka, na umefanya vizuri kusema kwamba uliondoka.

Nilicheza misimu tisa, nafasi hiyo hiyo ya kijana wenu. Nikiwa na miaka 18 tulifungwa kwa tofauti ya pointi 52 nikiwa mimi ndiye mwenye mpira.

Nikueleze ndani kunakuwaje. Ukishapoteza mpira mara ya tatu au ya nne, uwanja unasinyaa. Mwenzako yuko wazi, unamwona kabisa, lakini mkono unakataa kuachia. Unachelewa nusu sekunde, na wanaokukaba walikuwa wanaisubiri hiyo nusu sekunde. Hapo masikio nayo yanafunguka. Siku za kawaida jukwaa ni mvumo tu, husikii mtu. Siku ile nilimsikia kila mtu peke yake. Nilimsikia mtoto akiuliza wanaondoka saa ngapi.

Wiki iliyofuata mashabiki wetu walinifanyia sherehe. Bango lenye jina langu, watu wamesimama wote wakati natambulishwa, makofi ambayo hawakumpigia hata kapteni. Walinipenda, na mpaka leo nawashukuru. Lakini nilipoliona lile bango nilijua ukumbi mzima unafikiria jambo moja. Hata aliyekuja kwa mara ya kwanza lazima alimuuliza jirani yake yule dada amefanya nini, na jirani akamsimulia. Nilicheza dakika sita, nikamwomba kocha anitoe.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja aliyekuwa anakaa karibu na meza ya makarani. Nilikuwa na tabia ya kukaba nikiwa nimesimama wima, na kila mechi tukitoka kupasha misuli alinipigia kelele: "Magoti, binti! Kunja magoti!" Baada ya kile kipigo kila mtu alinisemesha kwa sauti ya msibani. Mzee yule alinipigia kelele zile zile. "Magoti, binti!" Nilikaribia kulia pale pale, kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye kwake mimi nilikuwa bado yule yule wa wiki mbili nyuma.

Kwa hiyo bango lenye sura, ningeomba mliache. Akitambulishwa, mpigieni makofi kama mliyompigia aliyetambulishwa kabla yake, msizidishe wala msipunguze. Imbeni nyimbo za timu. Kelele zenu kubwa wekeni akiba kwa ajili ya mara ya kwanza atakapopoteza mpira, maana atapoteza, kila pointi gadi hupoteza. Sekunde ile ndiyo ataanza kusikiliza. Asisikie pumzi ya watu elfu moja ikishuka kwa pamoja. Ngoma yako iwe inapigwa tayari.

Na msiondoke kabla hajaja kuwashukuru. Hilo silipambi, wewe mwenyewe unalijua.

---

Kocha wa Vijana:

Naongezea la kiufundi, kwa sababu mashabiki wengi wanamhurumia kijana huku moyoni wanaamini kweli ni yeye aliyewafungisha. Huruma ya namna hiyo mtu anainusa.

Mechi hiyo nadhani nimeiona, kama ni yenyewe. Angalieni tena mipira ile ilipotea wapi. Mingi ilipotea hatua mbili tu baada ya kuvuka mstari wa katikati, kwenye kona, upande wa kulia. Haikutokea kwa bahati mbaya. Timu ina sekunde nane za kuvusha mpira, na ukishavuka huruhusiwi kuurudisha nyuma. Kwa hiyo pale kwenye kona mstari wa katikati unakukaba, mstari wa pembeni unakukaba, halafu wanakuja binadamu wawili. Ni kama kukabwa na wanne. Wale walimwacha avuke kwa makusudi, tena upande wanaoutaka wao, ndipo wakafunga mlango.

Dawa yake inajulikana na haiko mikononi mwa mwenye mpira. Senta au mmoja wa mafowadi anatakiwa akimbie katikati ya uwanja, mikono juu, apokee pasi fupi, ageuke. Hapo wanne wanashambulia dhidi ya watatu. Mara ngapi kuna mtu alifika katikati? Mimi niliona mara mbili, na mara zote mbili mlipata kikapu. Mara nyingine zote wenzake walikuwa wameshakimbilia mbele wanamsubiri awaletee. Benchi nalo lilichelewa kuomba taimauti mpaka tofauti ikafika 19.

Mtupo ule ambao haukugusa kitu, nao tuutazame kwa haki. Mstari wa mitupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na ringi iko mita 3.05 juu. Kwa mchezaji wa kiwango hicho umbali huo si tatizo. Lakini mpira unaopungua kufika unatupwa na miguu iliyokwisha. Kijana alikuwa hajapumzika hata dakika moja, anakimbizwa na walinzi wanaopishana kutoka benchi wakiwa wabichi.

Kwa hiyo mkitaka kumsaidia, jifunzeni kushangilia vitu vidogo. Senta akija katikati kupokea, pigeni kelele kama vile kafunga. Kijana akipoteza mpira halafu akakimbia kurudi kukaba badala ya kusimama akilaumu refa, hiyo mbio ndiyo ya kupigiwa ngoma. Wachezaji wanasikia mnachokishangilia, na baada ya muda wanakifanya zaidi. Nimeliona hilo kwa watoto wa miaka 14 na nimeliona kwa watu wazima.

Pasi mbovu msiipigie makofi. Anajua ni mbovu. Mkimpigia makofi hapo, siku akitoa pasi nzuri makofi yenu hayatakuwa na uzito.

---

Safu ya Tatu:

Mimi nitasema wengine wanachoogopa kusema. Nilizomea. Si siku hiyo ya kwenu, lakini nimewahi kuzomea timu yangu na nitazomea tena. Nimelipa kiingilio, nimekaa kwenye foleni, nimeacha kazi zangu, halafu naona watu hawakimbii. Kuzomea nako ni kupenda. Asiyejali habaki kuzomea, anabaki nyumbani. Mkiwalea hivi vijana kwa makofi tu, mtapata wachezaji laini.

---

Mpiga Ngoma:

Ndugu yangu wa Safu ya Tatu, nimekusoma mara mbili. Kuzomea timu nzima isiyokimbia, sibishani nawe. Lakini kijana huyu alikimbia. Pengine alikimbia kuliko wote, ndiyo maana miguu ilikwisha. Na wale waliocheka nyuma yangu hawakuwa wanadai juhudi; walikuwa wanajitenga naye, wasionekane wako upande wa anayechekwa. Nasema hivyo kwa sababu na mimi nilijitenga, kwa njia ya mlango wa pembeni.

Kocha, hilo la katikati ya uwanja sikuliona kabisa. Nimerudi kutazama. Ni kweli, hakuna mtu. Anageuza kichwa anatafuta, na hakuna mtu.

---

Mtunza Kumbukumbu:

Nina ugonjwa wa kukumbuka mechi za watu walizotaka zisahaulike, naomba niuweke kazini.

Tarehe 30 Aprili 2015, Milwaukee Bucks walifungwa nyumbani 120 kwa 66 na Chicago Bulls, wakatolewa kwenye mchujo wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Tofauti ya pointi 54, mbele ya mashabiki wao. Kijana wao mmoja wa miaka 20 alipandwa na hasira akamvamia Mike Dunleavy, akatolewa nje kabla ya mapumziko, na adhabu ikamfuata mpaka mechi ya kwanza ya msimu uliofuata. Kijana huyo ni Giannis Antetokounmpo. Tarehe 20 Julai 2021, mji huo huo, alifunga pointi 50 kwenye mechi ya sita ya fainali, Bucks wakaifunga Phoenix Suns 105 kwa 98 na kuchukua ubingwa ambao hawakuwa wameuona tangu 1971. Na kwa kuwa kijana wenu alihesabiwa kwa sauti: mwaka ule Giannis alihesabiwa sekunde kila alipokwenda kwenye mitupo huru viwanja vya ugenini, kwa vile alikuwa anachelewa kutupa na alikosa mingi. Usiku wa ubingwa alitupa 19, akaingiza 17.

Kipigo kikubwa kuliko vyote katika NBA ni cha tarehe 2 Desemba 2021. Memphis Grizzlies 152, Oklahoma City Thunder 79. Pointi 73! Wengi wa wale waliopigwa walikuwa vijana wadogo. Lu Dort alikuwa uwanjani usiku ule, na kocha alikuwa Mark Daigneault. Mwaka 2025 Dort na Daigneault walikuwa mabingwa wakiwa na timu ile ile, na safari ya ubingwa ilianzia kwa Memphis, mechi ya kwanza wakaifunga kwa tofauti ya pointi 51.

Na mpira usiogusa kitu? Kobe Bryant, Mei 1997, miaka 18, mchujo dhidi ya Utah Jazz. Alitupa minne ya namna hiyo ndani ya dakika za mwisho na muda wa nyongeza, Lakers wakatolewa. Alikuja kueleza kwamba miguu haikuzoea msimu mrefu kiasi kile. Ndicho alichokisema Kocha hapo juu.

Lakini niweke na upande wa pili, maana kumbukumbu za mabingwa peke yake zinadanganya. Nick Anderson ndiye mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na Orlando Magic kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, mwaka 1989. Mwaka 1995, mechi ya kwanza ya fainali, Magic wakiongoza kwa pointi tatu na sekunde chache zimebaki, alikosa mitupo huru minne mfululizo. Houston Rockets wakasawazisha, wakashinda kwenye muda wa nyongeza, wakamaliza fainali 4 kwa 0. Huyu hakuwa mtoto, alikuwa na miaka 27. Lakini msimu wa 1996–97 mitupo yake huru iliyoingia ilikuwa asilimia 40.4 tu, wakati kabla ya hapo alikuwa akizunguka 70. Mkono haukupungua nguvu. Alikuwa anakwenda kwenye mstari akijua ukumbi mzima unawaza nini. Siwezi kusema jukwaa peke yake lilimfanya vile, ila nikifikiria "Saaaba! Naaane!" namfikiria yeye.

---

Jezi Kumi na Moja:

Mtunza Kumbukumbu, nimefurahi kusoma, kweli. Naomba tu jambo moja: hadithi hizi zibaki kwetu jukwaani, zitutulize sisi. Kijana msimpelekee. Baada ya zile pointi 52 niliambiwa habari za mabingwa waliowahi kufungwa mpaka nikaanza kuogopa kwamba nisipokuwa bingwa nitakuwa nimewaangusha mara ya pili. Wengi wetu hatukuwa Giannis. Mimi nilicheza misimu tisa, sikuchukua kombe hata moja, na nilistahili kutiwa moyo vile vile.

---

Dada Yake Mtu:

Mimi sichezi, ni mdogo wangu anayecheza. Si huyo wa kwenu, lakini yalitukuta msimu uliopita.

Simu yake niliishika mimi kwa siku nne. Kulikuwa na ujumbe wa watu waliobeti wakapoteza hela zao, wakimtukana mama yetu kwa jina. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa chini akaandika vile kwa mtoto wa miaka 20. Hao niliwafuta wote kabla hajawaona.

Lakini ujumbe wa upendo nilimwachia, na hapo ndipo nilipokosea. Ulikuwa mwingi sana. Kila mmoja ulianza na pole, kila mmoja ulitaja ile mechi. Alijiona ana deni la kumjibu kila mtu. Nilimkuta saa nane usiku anaandika "asante, nitajitahidi" kwa mtu wa mia na kitu. Kwa hiyo yule dada anayekusanya sauti mia mbili, mwambieni kwa upole aziweke. Azitume mwisho wa msimu, au asizitume kabisa.

Kama kuna wanaomjua ana kwa ana, wawili watatu, wamwalike kufanya kitu kisichohusiana na kikapu. Mdogo wangu alichukuliwa na rafiki yake wakaenda kupaka rangi ukuta siku nzima. Alirudi ana rangi kwenye nyusi, akalala.

Na kile kipande cha video, kitoeni kwenye kundi lenu. Nje hamtaweza kukizuia, ila kwenu asikikute.

---

Mpiga Ngoma:

Wakuu, nimerudi. Ni Jumamosi usiku, mikono inauma.

Video tuliitoa Alhamisi. Aliyeileta alikasirika kidogo, akauliza tangu lini kundi lina polisi, halafu akaifuta mwenyewe. Bango la sura hatukulifanya. Kitambaa kilikuwa kimeshanunuliwa, tukaandika jina la timu. Dada wa sauti alilia nilipomweleza habari ya yule aliyekuwa anajibu saa nane usiku, akasema yeye alidhani anamjenga. Sauti anazo bado.

Niliwaambia wote kundini kwamba niliondoka dakika tatu kabla. Waliojibu ni wachache. Lakini leo hakuna aliyeinuka.

Alipotambulishwa tulimpigia makofi kama ya wenzake. Ilikuwa vigumu, mikono ilitaka kuzidisha. Mpira wa kwanza aliupoteza dakika ya pili, kwenye kona ile ile, upande ule ule wa kulia. Nilikuwa nimekaa na fimbo juu ya ngoma nikiisubiri hiyo sekunde tangu Jumatatu. Tukapiga. Jukwaa zima, na wale waliocheka wiki iliyopita wamo, niliwaona. Sijui kama alisikia. Hakututazama, alikuwa anakimbia kurudi kukaba, na akamfikia mtu wao, akamlazimisha kutupa vibaya. Hapo ndipo ngozi ya ngoma ilipoanza kulegea.

Kocha, senta alikuja katikati. Mara ya kwanza alipopokea pale watu wetu walipiga kelele mpaka refa akageuka. Alikuja tena, na tena.

Mitupo huru alipata mitatu kwa jumla. Tulinyamaza kimya kabisa. Wa kwanza ulizunguka ringi ukatoka. Wa pili uliingia. Wa tatu, robo ya mwisho, haukuingia.

Tumefungwa 74 kwa 70. Alipoteza mpira mara tano, nilihesabu, kimoyomoyo. Walipokuja kutushukuru tulikuwepo wote, na yeye alisimama nyuma ya senta kwa hiyo sikumwona vizuri usoni.

Baadaye tulikuwa tunakunja kile kitambaa, ukumbi umebaki na wafagiaji, akatoka vyumbani na begi lake anatafuta chupa yake ya maji. Ilikuwa chini ya benchi, kijana wetu mmoja akamrushia. Akaidaka. Akatembea hadi mlangoni, akasimama, akauliza Jumatano tunaanza kuingia saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Akasema, "Mapema hivyo?" Nikamwambia ngoma inachukua muda kuwambwa. Akatikisa kichwa akaondoka.